Nyumba za Muda

Jumatano, Agosti 1957. Saa nane mchana. Upepo wa kusi umekausha tope la mafuriko mpaka limepasukapasuka uani kote. Niko peke yangu nyumbani.

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote. Sijamwambia Mama, wala rafiki yangu tunayelala naye bweni moja. Hata katika sala, nikilifikia naliruka, naombea wagonjwa.

Mimi ndiye niliyekitoa kijiji chetu katika mpango wa nyumba mpya. Si Mjomba Komora.

Basi, limeshaandikwa. Neno limekaa kwenye karatasi na halirudi.

Maji yalipopanda mwezi wa tano yalizibeba nyumba zetu karibu zote, hapa ukingoni kati ya Hewani na Garsen. Hii ninamoandikia ilibaki nguzo na nusu ya paa, tukaiziba kwa makuti. Mjomba, ndugu yake Mama, hakubakiwa hata na nguzo. Tangu siku hiyo yeye, mkewe na watoto wanalala katika darasa la kanisa, na darasa hilo linafunguliwa Jumatatu. Watoto wa watu watakuja kusoma, na wao watatoka waende wapi, hakuna anayejua.

Serikali ikasema itahamisha vijiji viende ardhi ya juu, mbali na mto, nyumba zipangwe kwa mistari. Mwezi uliopita, siku ya kwanza ya likizo yangu, akaja bwana wa serikali na ramani na mnyororo wa kupimia. Alikuja kuuliza maswali tu. Kwa nini anauliza, hakusema, na sisi hatukumwuliza. Sasa tunajua. Kijiji kilichokuwa na nyumba za kudumu kinapewa miti, mabati na fundi, kwa fungu la fedha la mwaka huu. Kijiji kilichokuwa na nyumba za muda kinaonyeshwa kiwanja, wenyewe wajijengee kwa watakachokipata.

Mkalimani wake alikuwa ameshikwa na homa Garsen. Bwana akauliza kama yupo mtu anayejua Kiingereza. Mimi nilikuwa nyuma ya Mama, nimejikunja, natazama vidole vya miguu yangu. Mdomo wangu ni mzito tangu utotoni. Shuleni naandika Kiingereza wanakisifu, lakini nikiambiwa nisimame niseme, maneno yanakimbia kama panzi.

Mjomba ndiye aliyenitaja. "Mtoto wa dada yangu yuko darasa la nane. Njoo, mwanangu, usituaibishe."

Nikaenda.

Bwana alitaka tuseme Kiswahili, si Kipokomo chetu, kwa kuwa Waorma wenye ng'ombe zao karibu nao walikuwa wamekuja kusikiliza. Tena yeye mwenyewe alikijua Kiswahili kidogo, cha kusomea kitabuni. Wazee wakamchagua Mjomba ajibu. Alifanya kazi Kipini ujana wake, na Kiswahili chake huwa tunakionea fahari. Akiagiza chumvi tu dukani, watu wanasikiliza.

Maswali ya kwanza yalipita vizuri: watu, mashamba ya mpunga, maji ya kunywa. Halafu Bwana akauliza kama nyumba zilizochukuliwa zilikuwa za kukaa daima au za kukaa kwa kitambo. Neno lile la Kiingereza la kitambo nalijua. Mwalimu wetu aliliandika ubaoni, na mbele yake akaandika "ya muda". Mimi nikafanya kama ubao.

"Bwana anauliza, nyumba zenu zilikuwa za muda?"

Mjomba akatabasamu, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Za muda, Bwana. Za muda sana. Baba yangu alizaliwa pale pale, na baba yake pia. Nyasi tunabadilisha. Mahali hatubadilishi."

Kwa Mjomba muda ni miaka mingi, kama mtu anavyosema, ni muda sijakuona. Nilimwelewa hapo hapo. Siwezi kusema sikumwelewa. Lakini Bwana naye alikuwa ameshalisikia lile "za muda" kwa masikio yake, ameinama anaandika. Nikafungua mdomo. Akainua kichwa, kalamu mkononi, akaningoja. Watu wote wakaningoja.

Nikasema ndiyo, bwana, kwa Kiingereza. Basi. Yule baba, yule babu, zile nyasi na pale mahali, vyote nikavimeza.

Swali lililofuata lilikuwa la vyoo.

Juzi Jumatatu karani wa Bwana alibandika orodha Garsen. Kijiji cha ng'ambo kimeandikwa cha kudumu. Nyumba zao ni za nyasi zile zile, tena nyingine Mjomba aliwasaidia kuzifunga. Wao walifikiwa wiki iliyofuata, mkalimani amepona, wakaulizwa kwa Kipokomo. Sisi tumeandikwa za muda. Waliotoka kuisoma walirudi wamekasirika, na jina lililokuwa midomoni mwao halikuwa langu.

Sasa Mjomba wanamwita Bwana Muda.

Jana nilikuwa nachota maji alipofika kwenye mtumbwi wake. Vijana wawili walikuwa wanaosha nyavu. Mmoja akamwuliza, "Bwana Muda, huo mtumbwi wako ni wa muda au wa kudumu?"

"Wa muda," Mjomba akasema. "Mpaka nikifika katikati nikutupe."

Wakacheka, na yeye akacheka. Lakini niliona alivyoshika kasia. Zamani angekaa pale nusu saa akipiga porojo. Jana alisukuma mtumbwi akaenda, ndoo yangu haijajaa.

Na asubuhi hii yule mama wa Kiorma anayetuletea maziwa, ambaye hana siri moyoni, alimkuta Mjomba hapa uani anamsaidia Mama kufunga fito. Akaweka kibuyu chini, akashika kiuno.

"Wewe mzee, mimi nashangaa. Nyumba yangu mimi najenga, mimi nafungua, ng'ombe inabeba, tunakwenda. Bado mtu hajaita mimi muda. Wewe nyumba yako imelala hapa tangu zamani kama kiboko, wewe ndiyo muda?"

Mama alicheka mpaka akaketi. Mjomba alikaza kamba, akasema pole pole, "Kiswahili cha Kipini kimeniponza, mama. Nilijibu vibaya. Huyu mtoto aliuliza vizuri kabisa, mimi ndiye niliyejibu vibaya."

Huyu mtoto ni mimi. Nilikuwa nimesimama hapo na bakuli la maziwa.

Nikaingia ndani. Sikulia. Nilitaka kulia, ila nilijiona nitakuwa naiba tena, nachukua na machozi ambayo ni haki ya mwingine.

Ukweli wote uingie humu, maana nusu yake ndiyo iliyotufikisha hapa. Jumatatu ile ile jioni niliandika barua kwa Bwana bila jina. Nilisema nyumba zetu zilikuwa za kudumu, karani amekosea. Niliisoma mara tatu, nikaichana. Karani hakukosea. Na mimi, badala ya kutoa uongo mmoja, nilikuwa naongeza wa pili juu yake, tena wenye miguu ya kukimbilia.

Nyumba ya nyasi si ya kudumu kama kanisa. Mto ukija unaichukua, na mtu yeyote mwenye macho anaona. Bwana aliuliza habari za kuta. Mjomba alijibu habari za mahali. Wote wawili walisema kweli, na katikati yao nilisimama mimi, niliyezijua lugha zote mbili, nikanyamaza. Sikupelekwa shule kwa ajili hiyo. Mama aliuza mpunga wa kula ili nisome.

Kwa hiyo leo nimeandika barua nyingine, na jina langu liko chini. Nimeugawa ukurasa kwa mstari. Kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili. Nimeandika swali kama Bwana alivyolisema, kisha nilivyolitafsiri. Nimeandika jibu la Mjomba lote, neno kwa neno, mpaka pale mahali ambapo hatubadilishi. Mwisho nimeandika kwamba sehemu ya pili ya jibu hilo sikumfikishia, na kwamba kosa hilo ni langu peke yangu. Sijaomba mabati. Nimeomba arudi aulize upya, kwa Kipokomo, kama alivyowauliza wenzetu wa ng'ambo.

Ijumaa asubuhi Bwana anaondoka Garsen kwenda Galole, na orodha anaondoka nayo. Ikishafika huko fedha zinagawanywa, na atakayebaki nje atabaki nje. Kwa hiyo ni kesho au basi. Barua sitampa mtu anipelekee. Nitakwenda kwa miguu yangu, nisimame mbele ya meza yake, na kama hataki kusoma nitasema kwa mdomo. Nimejaribu hapa ndani, kwa sauti, mara nne. Mara ya nne kuku alitoka nje, nadhani nilikuwa nasikika.

Huenda akasema orodha imefungwa. Huenda akasema msichana wa shule hawezi kufuta maneno ya mzee. Nimeyafikiria hayo yote, na bado nitakwenda.

Kinachonitisha si Bwana.

Kinachonitisha ni kwamba Mjomba lazima ajue kabla ya kesho. Siwezi kulipeleka jibu lake kwa mzungu mara ya pili bila yeye kujua nimelibeba vipi. Sitaki alisikie Garsen kutoka kwa karani, wala mtoni kutoka kwa wale wa nyavu. Tangu Jumatatu amekula matusi yangu, akanisifu juu yake. Labda hatanisemesha tena. Labda ataniita jina baya kuliko lile walilompa yeye. Lolote atakalosema litakuwa langu, nitalipokea.

Mama amekwenda kanisani kuwapelekea watoto wa Mjomba uji. Nimemwambia akimwona Mjomba amwambie namhitaji. Aliniangalia sana, maana mimi huwa simhitaji mtu.

Nasikia hatua uani. Si za Mama, Mama hukokota kandambili. Hizi ni za mtu mzima asiye na haraka, na sasa amekohoa, anavyokohoa kila siku kabla ya kubisha hodi.

Siku zote nikisikia hatua daftari hili linakwenda chini ya mkeka kabla sijajua mkono wangu umefanya nini. Sasa hivi mkono umeanza safari ile ile. Nimeuzuia.

Nimeivuta barua karibu na mlango, penye mwanga, na daftari nimeliacha wazi kando yake. Mwandiko wangu ni mkubwa na wino bado mbichi. Mjomba husoma pole pole, anafuata kwa kidole, silabi kwa silabi, na akikosea hurudi mwanzo wa mstari.

Safari hii nitamngoja amalize.