Masikio ya Ng'ombe wa Hawe Nyevu

Jumanne, 4 Oktoba

Nimepata kazi ya siku tatu! Chifu alitaka mtoto aliyemaliza shule, mwenye mwandiko mzuri. Naandika orodha ya waliopoteza ng'ombe kwa ukame, ili serikali iwalipe. Afadhali kuandika kuliko kuongea. Nakaa kando ya Bwana Simeon, afisa wa mifugo, nimeinamisha kichwa.

Ushahidi ni masikio. Kila ng'ombe aliyekufa alikatwa sikio la kulia, likakaushwa. Watu wanayaleta yametungwa kwenye kamba. Harufu yake — sikula mchana.

Mjomba Dzombo, kaka yake Mama, alileta sita. Manne yana alama ya Hawe Nyevu, bibi yangu, mama wa marehemu Baba. Hawe hana malisho, kwa hiyo ng'ombe wake hukaa bomani kwa Mjomba. Mjomba anakunywa maziwa, ng'ombe ni wa Hawe. Hapa kijijini Marafa kila mtu anajua. Fomu inauliza: boma la nani? Nikaandika Dzombo, sita.

Alhamisi, 6 Oktoba

Hawe aliniuliza, "Nami umeniandika, mjukuu wangu?"

Fomu haina mahali pa mwenye ng'ombe. Nikamwambia pesa zake zitapitia kwa Mjomba. Akaridhika. Dzombo si mtu mbaya, alisema. Yeye Hawe atanunua mitamba wawili aanze tena. Umri ule, anaanza tena.

Jumatatu, 10 Oktoba

Pesa ziliingia kwenye simu Jumamosi. Leo Mjomba ana pikipiki mpya, bado ina nailoni kwenye kiti.

Hawe alinituma kwake. Nikatoa shikamoo, nikauliza sehemu ya Hawe. Sauti yangu haikufika popote, nikarudia. Akacheka mbele ya rafiki zake.

"Walifia kwa nani? Maji aliwabebea nani? Serikali imeandika ni wangu. Na mwandiko ni wako, msomi."

Mmoja akasema, "Mwandiko mzuri huo, usiukane." Wakacheka wote.

Nilimwambia Mama. Akasema ninyamaze, mjomba wako ndiye aliyekulipia karo miaka miwili. Kumbe deni la karo yangu linalipwa kwa ng'ombe wa Hawe.

Hawe nilimdanganya. Nilisema sikumkuta Mjomba nyumbani. Mjomba ananichukiza. Mimi najichukiza zaidi.

Jumatano, 12 Oktoba

Leo baraza. Bwana Simeon aliuliza kama kuna mwenye malalamiko. Mzee Kambi ng'ombe wake watatu wamelipwa kwa shemeji yake, na alikuwa anatazama ndala zake. Watu wazima! Wote wanajua, wote wanapangusa vumbi miguuni.

Nikasimama. Nikasema kosa ni langu: ng'ombe wanne wa boma la Dzombo ni wa Nyevu. Alama yake iko kwenye masikio, yaangaliwe.

Bwana Simeon akasema masikio yalichomwa Ijumaa, yasije yakaletwa mara ya pili. Limebaki neno langu tu. Je, niko tayari kuliandika na kutia sahihi? Nikasema ndiyo. Kesho saa tatu, ofisini kwake.

Nyuma mwanamke alisema, "Anamshtaki mjomba wake. Ndiyo shule hiyo."

Sasa ni alasiri, niko jikoni. Mjomba yuko uani na wazee wawili. Amekuja na kilo mbili za sukari. Anamwambia Mama kwa upole kwamba hana kinyongo, mtoto ni mtoto. Nitoke tu, nimwombe radhi, niseme nilichanganya majina. Hawe naye wamemwita. Amepewa chai.

Mama ananiita. "Idah, njoo umsalimie mjomba wako."

Karatasi ya Bwana Simeon iko hapa, juu ya daftari hili. Nimeandika majina, alama, idadi. Bado sahihi.

Ameita tena. Nimeitika, nimesema naja, namalizia kuandika.