Mshauri wa Benchi la Juu

Tuulikki shoga yangu, leo nimeumbuka!

Si niko kwenye ile kambi ya wazazi wenye watoto wa usonji kama Veeti wangu? Asubuhi mshauri wetu, Henriikka, katufundisha kupumua polepole mtoto akilipuka.

Jioni tukaingia sauna wanawake wote. Giza, mvuke wa mawe ya moto, miwani nimeiacha nje. Nikabwata: "Kale kasichana ka kupumua kamewahi kung'atwa na mwanawe dukani?"

Weh, Tuulikki!

Sauti ikatoka benchi la juu: "Dukani, kanisani, na kwa daktari wa meno."

Henriikka! Uchi kama mimi!

Nikatamani ardhi inimeze.

"Hata kwangu kupumua hakusaidii kila siku," akasema. "Mwagia mawe maji, dada. Wako kakung'ata wapi?"

Nikamwonyesha bega. Akashuka, akanionyesha lake.