Hoja ya Flavian

Jumatatu, 7 Oktoba 1974
Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye chai. Nimechoka. Insha arobaini na mbili za Siasa, Kidato cha Tatu! Niliwaambia: teteeni shamba la mtu binafsi, andikeni kama mnaliamini. Usiyemjua utampingaje? Wengi wamegeuza tu maneno yangu ya ubaoni. Kasuku watupu. Flavian wa Pito ndiye kaandika ya kwake. Baba yake alifukia majani kwenye matuta mwezi wa tatu, yaoze, apande ulezi mvua zikianza. Agosti wakahamishiwa kijiji cha ujamaa, matuta yakabaki kule. Anauliza: nani atalima leo avune mwakani, ikiwa hajui shamba litakuwa la nani? Nimempa kumi na nane kwa ishirini. Wino mwekundu: Safi sana!

Jumatano, 9 Oktoba
Balaa. Mtu kaipeleka ile insha kwa Katibu wa tawi la chama, Ndugu Yunusu. Kaja nayo ofisini, amekasirika. Eti Flavian kibaraka wa mabeberu! Nikasema mimi ndiye niliyewaagiza; mganga asiyeujua ugonjwa atautibuje? Akajibu ugonjwa haupandwi darasani. Mkuu wa shule anajikuna shingo tu. Wameamua: Ijumaa nisome mbele ya kamati ya tawi jibu la kuivunja hoja ile. Nikishindwa, Flavian afukuzwe, arudi kwao. Kwao wapi sasa?

Alhamisi, 10 Oktoba
Flavian kaja. Shikamoo, mwalimu. Anauliza: aseme insha aliinakili mahali? Nikamfokea. Halafu nikaona haya.
Nimepekua vitabu vyote. Vinamjibu bepari wa Ulaya mwenye viwanda. Mfipa mwenye jembe hakuna anayemjibu. Na mimi Ujamaa nauamini! Nauamini kweli. Miaka sita naufundisha, sijawahi kuulizwa swali. Mgongo unauma.

Ijumaa, 11 Oktoba
Kamati saa nane.
Asubuhi Ndugu Yunusu kapita, peke yake, kofia mkononi. Jana kijijini wamemuuliza swali lile lile la matuta, mkutano mzima, akakosa la kusema. Wazee wakaondoka mmoja mmoja. Mwalimu, anasema, jibu umelipata? Naomba na mimi nakala.
Mungu wangu! Nikamuuliza: na bado unataka kumfukuza Flavian? Akaangalia chini.
Nimechana karatasi tatu. Ya nne ina mstari mmoja: "Ndugu wajumbe, Flavian amesema kweli, na sisi tusipowahakikishia wakulima mavuno yao—"
Wananiita.