Zamu ya Kukamua

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mtaa mzima wa Skuta, hapa Nyeri, ni matope. Nimefika chuoni nikiwa na viatu mkononi.

Leo tumeanza majaliwa. Wale Wastoiko wa Uyunani ya kale, wanaotajwa kwenye Matendo ya Mitume. Kwao ulimwengu ni mnyororo. Kila tukio limefungwa kwa lililolitangulia, hakuna pete iliyolegea. Kisha nikawapa wanafunzi mtego ambao wapinzani waliwawekea, hoja ya mvivu. Kama umejaliwa kupona, utapona, umwite daktari usimwite. Kama umejaliwa kufa, utakufa, umwite usimwite. Basi daktari wa nini?

Wakacheka. Hii wanaijua. Wanaisikia nyumbani.

Nikawapa jibu la Wastoiko. Kuna mambo yaliyojaliwa pamoja. Kupona hakuji peke yake, kumefungwa na kule kumwita daktari. Anayekaa akingoja majaliwa amesahau kwamba miguu yake pia imo ndani ya majaliwa. Jibu safi. Nalipenda kila mwaka.

Nikitoka, simu ya ndugu yangu Githinji, kutoka Kerugoya. Baba ameanguka tena shambani akichuma chai. Ni ile henia. Amekataa hospitali. "Mwambie wewe," amesema Githinji. "Wewe ndiye unalipwa kubishana."

Jumatano, 22 Aprili

Othaya. Baba anakaa peke yake kule mlimani tangu Mama afariki, yeye na chai yake na ng'ombe wake. Nimemkuta zizini, ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Henia imekuwa kama ngumi. Daktari alishamwonya: utumbo ukijinyonga, hakuna muda wa kufika popote.

Anasema siku yake iko kwa Mungu. Ikifika imefika, hata akiwa kwa daktari. Hoja ya mvivu, karibu neno kwa neno, kutoka kwa mzee asiyejua kama Wayunani walikuwako.

Nikamjibu kama darasani. Kwa nini unapalilia chai? Kwa nini ulimchanja ng'ombe? Na kama Mungu amepanga upone kwa mkono wa daktari, wewe unakataa mpango wa nani? Akaangalia mteremko nyuma ya zizi, akataka kusema kitu, akaacha. Alibaki na swali moja tu: nani atakamua?

Nikampigia Githinji pale pale. Yeye ni fundi wa nguo, anashona sare. Shule zimefungwa, kazi ni kidogo. Akasema atakuja.

Baba akacheka kidogo. Huniita Mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Haya, Mama. Umenishinda."

Nimeendesha gari hadi nyumbani nikiimba.

Ijumaa, 24 Aprili

Baba amelazwa hapa Nyeri. Presha iko juu, wanataka ishuke kwanza. Watampasua Jumatatu. Amelalamikia uji, amelalamikia shuka. Dalili nzuri.

Githinji amefika Othaya. Amenitumia picha ya ng'ombe akikodoa macho. "Huyu ananiangalia kama mwalimu wa hesabu." Nimecheka peke yangu ofisini.

Darasani tulikuwa kwenye bahati. Mmoja wa wale wahenga alisema bahati si mungu, wala si yule kipofu anayechorwa akizungusha gurudumu. Ni safari mbili, kila moja na sababu yake, zikikutana bila mtu kupanga. Mtu ameenda sokoni kununua chumvi, anakutana na rafiki aliyepotezana naye zamani. Chumvi ina sababu yake. Rafiki ana yake. Kukutana kwao hakuna sababu.

Mvua haijaacha. Nina furaha. Akili imeshinda.

Jumapili, 26 Aprili

Githinji amekufa.

Mlima umeanguka asubuhi. Umechukua zizi na jikoni. Nyumba imebaki imesimama, hata kioo cha dirisha hakijapasuka. Alikuwa anakamua.

Siwezi.

Jioni. Nilifika wakiwa bado wanachimba, majirani wote, majembe na sepetu na mikono mitupu. Sikupiga kelele. Niliuliza kama kuna mtu ametengeneza chai. Watu waliniangalia. Nikauliza tena. Sijui kwa nini chai.

Walipompata alikuwa amevaa gambuti za Baba na koti la Baba. Kutoka nyuma, ni Baba. Mama Njeri, jirani wa chini, alipiga ukemi akiita jina la Baba, ikabidi aambiwe Baba yuko Nyeri, yuko hai.

Yuko hai kwa sababu nilimtoa.

Ng'ombe mmoja amepona. Alikuwa amesimama kwenye majani ya chai, anakula.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimemwambia Baba. Alikuwa amefunga kula tayari kwa upasuaji. Alipoona uso wangu akakaa.

"Ni nani?"

"Githinji. Mlima umeanguka."

"Saa ya kukamua?"

"Ndiyo, Baba."

Hakulia. Aliteremka kitandani, akaanza kutafuta suruali yake. Muuguzi akamshika bega, akamwambia daktari yuko njiani. Baba akamtoa ule mkono polepole, kama mtu anayetoa jani kwenye nguo. Akatoka na henia yake.

Wastoiko wanafundisha kwamba mwenye hekima hashtuki. Amejizoesha mapema kila baya linaloweza kuja. Nimefundisha somo hilo mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Leo kwenye maegesho ya hospitali nilikaa chini kwenye maji, na mlinzi akaja na mwavuli akasimama juu yangu bila kuniuliza kitu.

Jumatano, 29 Aprili

Kerugoya, kwa Wanjiru, mke wa Githinji. Nyumba imejaa wanawake wa kanisa. Mashine ya kushonea iko palepale, sketi ya bluu bado imebanwa chini ya sindano.

Hakunikumbatia.

"Mimi nilimwambia mvua imezidi, asiende," amesema mbele ya wote. "Akaniambia Mwalimu amesema."

Basi. Mtu mmoja akaanzisha wimbo ili kuniokoa.

Chifu amesema ni ajali. Hapa kwetu neno hilo ni la magari na moto. Nilipokuwa nikisoma pwani nilijifunza kwamba pia ni siku ya mtu, ile aliyopangiwa. Ajali yake imefika, husema. Neno moja kwa vitu viwili ambavyo wale wahenga walibishania maisha yao yote. Nimelirudia garini mpaka likawa sauti tu.

Ijumaa, 1 Mei

Sijalala vizuri. Safari mbili. Mvua ilikuwa na sababu zake. Githinji alikuwa na zake. Anayesema kukutana kwao hakukuwa na sababu hajui kwamba kulikuwa na mtu kwenye simu.

Mimi ndiye niliyeziunganisha.

Jumamosi, 2 Mei

Tumemzika Othaya, kwenye kipande cha juu cha shamba, ardhi iliyo sawa. Mchungaji amesema siku ya Githinji ilikuwa imefika, angekuwa Kerugoya au Othaya ingemfikia. Watu wakasema amina. Nami nikasema amina. Kwa sauti. Kwa mara ya kwanza maishani nilitaka iwe kweli. Ikiwa ilikuwa siku yake, basi haikuwa simu yangu.

Baba hakusema amina. Niliona.

Wanjiru alitupa udongo wake akaenda kukaa garini.

Jumapili, 3 Mei

Lazima niandike hili kama lilivyotokea.

Baba alinipeleka nyuma, pale mteremko ulipokatika. Udongo mwekundu, mbichi. Akanyoosha fimbo juu kidogo.

"Ufa ulianzia pale," amesema. "Tangu mvua ianze. Kwanza kidole. Halafu mkono wote ukaingia."

Sikuelewa. Nilimwuliza ufa gani.

"Wa mlima, Mama. Niliuona kila siku nikienda kukamua."

"Na hukusema?"

"Nilisema kama utaanguka, utaanguka. Nilijua ni mimi utanipata. Sikujali sana." Akameza mate. "Siku ile ulipokuja nilitaka kukuambia. Nikaona utanihamisha kutoka huku moja kwa moja. Halafu Githinji akaja, na mimi niko kwa kitanda cha hospitali, na sikukumbuka. Naapa sikukumbuka."

Mkono wote. Uliingia mkono wote.

Nilimwita jina lake la ubatizo. Sijawahi. Nilimwambia ameua mtoto wake kwa uvivu. Nilitumia neno hilo hasa, uvivu. Alisimama akipokea. Nilimchukia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Na nyuma ya chuki, nafuu. Si mimi! Nafuu tamu, ya aibu, kama kunywa maji. Nilishika simu nimpigie Wanjiru nimwambie. Nilifika hadi jina lake. Kisha nikamwona Baba ameinama ameshika tumbo, anajaribu nisione.

Sikupiga.

Jumanne, 5 Mei

Baba ameniomba nimpeleke Kerugoya. Sikumwuliza kwa nini.

Wanjiru alimpa kiti, akakataa kukaa. Akamwambia yote akiwa amesimama, kofia mkononi: ufa, kidole, mkono, kunyamaza. Akamwambia, "Usimlaumu huyu. Huyu alikuwa anatafuta nipone."

Nilitazamia kelele. Nilitaka kelele. Wanjiru aliinuka, akaenda kwenye mashine, akaitoa ile sketi chini ya sindano, akaikunja. Mgongo wake kwetu.

"Rudini nyumbani, Baba," amesema. "Mimi sina maneno."

Lakini alisema Baba.

Hiyo ilinivunja kuliko mazishi.

Alhamisi, 7 Mei

Mvua tena. Nimefika Othaya nikakuta Baba hayupo. Nikamtafuta nikamkuta mlimani juu ya nyumba ya Mama Njeri, anatembea kama anayetafuta sindano, anachoma ardhi kwa fimbo. Mgonjwa wa henia! Nikampigia kelele. Akanionyesha. Mstari mwembamba kwenye nyasi, kama mkunjo wa nguo.

Tukashuka kwa Mama Njeri. Akatukaribisha vizuri. Akasema tangu aolewe analala hapo, na kama Mungu amepanga, atapatwa hata akilala kanisani.

Nilifungua mdomo. Nina jibu la hilo, nimelifundisha miaka mingi. Baba akanitangulia. Hakutoa hoja yoyote. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango, mvua ikimpiga magotini, akasema hatoki hapo mpaka godoro la kwanza litoke.

"Mzee, utakufa na baridi."

"Nitakufia hapa kwako, basi. Utaeleza watu."

Alikaa. Mama Njeri akapika, akaosha vyombo, akamruka akienda nje na kurudi. Mwishowe akaanza kukunja blanketi huku akimtukana. Tumebeba magodoro hadi kanisani, kuku wamefungwa miguu, televisheni imefunikwa na karatasi ya nailoni.

Jumatatu, 11 Mei

Nimerudi darasani. Wamesimama nilipoingia, wakanipa pole kwa pamoja. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Purity, yule wa mbele asiyeogopa mtu, akauliza kama bado naona jibu la Wastoiko ni sahihi. Wenzake wakamtazama vibaya. Nikasema ndiyo. Kisha nikageukia ubao.

Ni sahihi. Hilo ndilo linalonitisha. Ikiwa kupona kumejaliwa pamoja na kumwita daktari, basi na kifo hiki kilifungwa pamoja na simu yangu, na kunyamaza kwa Baba, na wema wa Githinji wa kukubali haraka. Akili inanionyesha kila pete. Haiondoi hata moja. Nilidhani kuelewa kungenisaidia.

Mlima wa Mama Njeri haujaanguka. Amepiga simu kulalamika. Mgongo unamuuma kwa saruji ya kanisa, na watu wanamcheka. Baba amemwambia avumilie hadi mvua ziishe. Labda hautaanguka kamwe. Labda atatucheka hadi uzeeni. Namwombea atucheke.

Baba ameuliza tarehe ya upasuaji. Mwenyewe.

Jumatano, 13 Mei

Wamempasua asubuhi. Daktari anasema utumbo ulikuwa umeanza kubadilika rangi. Angechelewa kidogo tu. Nilisikia, nikamshukuru. Sikushangilia.

Baba amelala. Mdomo wazi, meno ya bandia kwenye kikombe. Mdogo sana bila kofia.

Mchana mlango ukafunguliwa, Wanjiru. Ametoka Kerugoya na uji kwenye thamosi. Hakunisalimu, nami sikumlazimisha. Alivuta kiti upande wa pili wa kitanda. Baadaye aliona shuka limeteleza kwenye miguu ya Baba, akalivuta, akalichomeka chini ya godoro kwa mikono ya mtu aliyezoea vitambaa.

"Ameamka?"

"Bado."

Akamimina uji kwenye kifuniko. Akanywa kidogo, akanipitishia juu ya miguu ya Baba. Nikapokea.