Upepo Kwenye Breki ya Pikipiki Yako

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu uliyeniachia baridi,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa? Mimi nipo. Moyo umechoka, miguu imevimba, na daktari siku hizi ananisemesha kwa upole mno, kwa hiyo nimemwelewa. Ndiyo maana nakuandikia mapema, mkono ukiwa bado unanitii.

Nina la kuungama. Ulipoondoka ulisema pikipiki yako asiipande mtu ila mjomba wako. Mimi nimeipanda.

Ilikuwa imeegeshwa uani. Nilitaka tu kujua, kabla sijaenda zangu, mnajisikiaje mkikaa pale juu. Nikapandisha gauni, nikakaa, nikashika usukani kama mwenyewe. Ikainama taratibu, tukalala pamoja juu ya rundo la nguo za kufua. Sikuumia. Nikajikokota ndani. Mjomba wako aliporudi akaikuta chini, akamlaumu mbuzi wa jirani. Nikamwachia mbuzi kesi hiyo.

Lakini unanijua, jambo likinikuna kichwani situlii. Baadaye niliubonyeza mkono wa breki, ukazama laini kama mkate. Nikaubonyeza tena na tena, ukawa mgumu. Nikauacha kidogo, ukalainika upya. Kwa nini?

Nimefundisha fizikia mpaka nikastaafu, na jibu lilinijia nikiwa nimeushika. Mafuta hayabanwi yakapungua, hewa hubanwa. Kile kikopo cha mafuta ya breki kwenye usukani kilikuwa kimepungua, na pikipiki ilipolala kikameza hewa. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyepata jibu peke yake darasani.

Kisha nikafanya jambo la aibu. Asubuhi, kwa kuogopa kugundulika, nilitangulia uani nikijidai kufuta vumbi, nikaubonyeza ule mkono wa breki mpaka ukawa mgumu. Mjomba wako akaujaribu, akaridhika, akaondoka. Mlio wa pikipiki ulipopotelea kwenye mteremko wa kiwandani, ndipo akili ilinirudia. Nilikaa mlangoni siku nzima, chai ikapoa mkononi.

Alirudi mzima. Breki ya mbele ilimkatalia njia panda, akaokolewa na ya mguu. Nikamweleza yote.

“Yaani Mama, mbuzi ni wewe?”

Alicheka mpaka akakaa chini. Nilipofika kwenye lile la kufuta vumbi, akaacha kucheka, akainuka kwenda kumwita fundi.

Fundi alikuja kutoa upepo kwenye breki. Niliomba kiti nikae karibu nione. Viputo vilitoka kimoja kimoja kwenye mrija mwembamba wa mpira, na mimi nilivishangilia kimoyomoyo.

Siku hizi mjomba wako huisogeza pikipiki mpaka mlangoni kwangu kabla ya kwenda kazini. “Haya, mkaguzi.” Naubonyeza mkono wa breki mara moja tu. Ukiwa mgumu mara hiyo moja, anaondoka.

Nisamehe, mume wangu. Sikutaka kuondoka na hili moyoni. Limebaki swali moja: ikitembea, mtu hujisikiaje? Ukija ukanikuta, nizungushe uani, polepole. Usiponikuta, niandikie hivyo hivyo jibu, mjomba wako atalisoma kwa sauti hapa mlangoni.

Mama yako na mjomba wako wanakusalimu. Nisalimie mke mwenzangu na kitukuu changu. Mungu akulinde barabarani, na kila ushikapo breki ikuitikie.

Wako akupendaye daima,
Bibi yako, mbuzi wa jirani