Jini wa Ukutani

Muscat, 3 Agosti 2024

Mamangu, shikamoo. Magoti yaendeleaje? Mimi mzima, alhamdulillahi, ni kazi tu za nyumba ya watu.

Nimefurahi kusikia stima imeingia nyumbani. Lakini mwanangu Dhahabu ana miaka mitano na vidole vyake havitulii. Mkalishe umweleze polepole: asitie kitu kwenye soketi, asiguse swichi kwa mikono ya maji, akiona waya umechunika akuite. Mwambie na sababu, ataelewa.

Mwanao, Jalila

Likoni, 9 Agosti

Marahaba mwanangu. Magoti ni yale yale. Tangu uondoke hakuna wa kunikanda.

Sababu za nini kwa mtoto? Nimemwambia kama nilivyokuwa nikikwambia wewe juu ya kisima: humo ukutani mna jini, ukimgusa atakushika akupeleke huko alikopotelea mamako. Ametulia kabisa. Hukaa mbele ya soketi akiitazama, na kukulilia ameacha. Kwa hivyo usinifunze kulea. Wewe ulikwenda zako.

Mamako

Muscat, 10 Agosti

Shikamoo mama. Nimesoma ujumbe wako nikaogopa. Mtoto anayenililia, ukimwambia yuko wa kumleta kwangu, hujamtisha. Mwambie leo kwamba hakuna jini, ni stima, na stima inaua. Nakuomba sana.

Mwanao, Jalila

Likoni, 2 Septemba

Mwanangu, sijui nikujulie hali vipi.

Ujumbe wako niliuona. Nilikasirika, nikasema mtoto niliyemzaa hanipi amri, na sikumwambia kitu. Jumamosi nilikuwa uani nikifua. Alivaa gauni lake la Idi, akachukua kijiko akakitia mle kwenye soketi. Yu hai. Mkono wa kulia umeungua mpaka kwenye kiwiko, na daktari amekata vidole viwili. Alipozinduka alitazama kitanda, akanitazama mimi, akaniuliza, "Nyanya, mbona amenirudisha?"

Nisamehe, Jalila. Sili, silali.

Mamako

Muscat, 3 Septemba

Bi Mishi,

Ami yake, Rashid, atakuja kumchukua Ijumaa. Atakaa kwake Jomvu Kuu mpaka nirudi. Mfungashie nguo zake na dawa. Usimuage wala usimweleze lolote, maana kueleza kulikushinda.

Siku akikuulizia, nitamwambia umekufa. Ataamini. Yeye huamini kila anachoambiwa na mtu mzima.

Mama Dhahabu