Harusi Isiyo na Ngoma

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu zako zimefika. Huku Ujiji hatujambo, na mama yako mdogo amejifungua salama.

Unasema ukitunga mashairi, vina na mizani vinakubana. Nilipokuwa msichana, rafiki yangu Mwajuma aliolewa siku chache baada ya jirani yao kufiwa na mume. Baba yake Mwajuma akatuambia sisi waimbaji, "Imbeni, lakini ngoma hapana."

Tulinuna. Basi tukagawana sauti, wengine juu, wengine chini, tukipokezana taratibu. Nyimbo zile zile zikatoka nzuri kuliko tulivyowahi kuziimba.

Mara dada wa mjane akaja. Tukaacha kuimba, tukidhani tumemkera mjane.

"Anaomba mrudie wimbo wa mwisho," akasema, "ila msogee karibu na dirisha lake."

Tukasogea.

Ni mimi bibi yako,
Mwamini